Anwani ya Bi Sange

Wanyama waliitwa kutoa maoni juu ya sheria mpya za mfuko wa nyumba nafuu. Bi Sange alifika mbio, kapanya kadogo kuliko punje ya mtama, ana watoto mia tatu na mvua iko njiani. Ndovu, mwenyekiti wa mfuko, akasoma kwa sauti iliyoangusha milima miwili: "Anayeomba nyumba aonyeshe kwanza anwani ya nyumba anakokaa."

"Mzee, ningekuwa na nyumba, kwako ningefuata nini?"

"Mama we, bila anwani hupati hata tofali."

Bi Sange akaona huyu habishiki. Akachukua fomu, akaandika: Sikio la kushoto la Mwenyekiti. Akahamia humo siku ileile, yeye na watoto wote, na kinu chao juu yake.

Siku ya tatu wakatwanga mahindi, macho ya Ndovu yakarukaruka kama bisi.

"Hama, Bi Sange, nakuomba!"

"Nihamie wapi, baba? Nipe anwani."

Ndovu akakifuta kipengele kile mwenyewe, akampa nyumba ya kwanza.

Mvua iliponyesha ilimkuta Bi Sange ndani, na Ndovu mlangoni anapiga hodi kwa adabu. Alikuwa ametunga sheria nyingine, akaona bora amuulize kwanza.