Chupa Mbili za Jumanne

Viatu vya mazoezi vya Kauko vilikuwa vimetimiza mwaka mzima, na soli zake bado zilikuwa safi kama siku vilipotoka dukani.

Irmeli alivigeuza, akavinusa, akavirudisha chini ya makoti. Mumewe alikuwa ameshatoka na mfuko wake kwenda jimu, na viatu amevisahau tena. Hakurudi kuvichukua. Mtu gani anakwenda kufanya mazoezi bila viatu?

Jimu yenyewe ilikuwa zawadi. Irmeli ndiye aliyemlipia uanachama alipotimiza miaka sabini, baada ya daktari kulalamikia presha yake. Kauko alicheka sana. Alisema amepasua kuni miaka arobaini, leo aende kunyanyua vyuma asivyovipeleka popote? Alikwenda siku moja tu, kumridhisha mkewe. Tangu siku hiyo hakukosa Jumanne wala Ijumaa. Ikikaribia saa kumi na moja jioni hakaliki: anachungulia dirishani, anatazama saa, ananyoa ndevu alizonyoa asubuhi.

Na leo mkataba ulikuwa unakwisha. Irmeli asipotia saini ya kukataa kabla ya saa kumi na mbili, ungejirudia wenyewe mwaka mwingine, euro arobaini na tisa kila mwezi kutoka kwenye pensheni yake. Tangu Jumapili alikuwa analala na kuamka na jambo hilo hilo.

Asubuhi, wakinywa kahawa, alimuuliza waziwazi kama jimu inamsaidia.

"Inanisaidia," Kauko alisema.

"Inakusaidia wapi? Tumbo ni lile lile."

Kauko akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Tumbo siyo kila kitu, mke wangu."

Irmeli akaondoa vikombe mezani. Alimjua mumewe kwa ubishi. Huyu ndiye aliyegombana na mdogo wake Taisto kwa sababu ya kibanda cha baba yao kule ziwani, akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatasema naye neno hadi anaingia kaburini. Miaka kumi na tisa sasa, na kiapo bado anacho. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu jimu?

Lakini kulikuwa na zile chupa. Kila akienda, Kauko alibeba chupa mbili za kinywaji cha shayiri, anachokitengeneza mwenyewe kama alivyofundishwa na mama yake. Zinatoka mbili zimejaa, zinarudi mbili tupu. Nyumbani chupa moja ilimshinda kumaliza. Irmeli alikuwa na miaka sitini na nane na aliona haya hata kujikubalia, ila alikuwa na wivu.

Akavaa buti, akatoka kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka.

Pale mapokezi alimkuta binti mmoja, Venla kwa jina lililoandikwa kifuani. Irmeli alimweleza shida yake: mkataba ni wake, mtumiaji ni mumewe, na anataka kujua kama pesa inaliwa bure.

"Mama, niseme kweli?" Venla alisema. "Sijawahi kumwona akinyanyua hata kilo mbili. Akifika, moja kwa moja sauna."

Sauna! Irmeli nusura acheke. Jengo lao lina sauna chini, chumba cha mbao cha joto na mvuke, zamu yao ni kila Jumamosi, na joto lake liko ndani ya kodi ya nyumba. Hapa Tampere, mji ambao karibu kila jengo lina sauna yake, mtu kwenda kulipia jimu ili akaoge joto ni sawa na kununua maji dukani na bomba linamwaga maji jikoni kwako.

"Anakunywa na nani?" akauliza.

Venla akatazama mlango wa upande wa wanaume. Akasema yupo mzee mwingine, mwanachama tangu zamani, siku zile zile, saa ile ile. Hukaa wote ubao wa juu upande wa wanaume. Anayesafisha mle anasema mmoja humwagia mawe ya moto maji, mwingine hufungua chupa, basi. Saa nzima hakuna aliyemsikia yeyote kati yao akisema neno.

Hilo halikumshangaza Irmeli. Saunani mtu halazimiki kuongea. Ukinyamaza mle, hakuna anayekuuliza una nini. Wivu ulimtoka, hasira ikaingia mahali pake. Mwaka mzima amejinyima, hata koti jipya hakununua, kumbe analipia wazee wawili wasiojuana watoke jasho pamoja! Alijiona amefanywa mjinga kabisa.

"Nipe hiyo fomu," akasema.

Akaandika jina, akaandika tarehe. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Alipofika kwenye saini, mlango wa upande wa wanaume ukafunguliwa.

Kauko alitoka mbele, mwekundu mpaka masikioni, nywele zimelowa. Nyuma yake alitoka yule mzee mwingine. Mzee akanyoosha mkono na chupa tupu. Kauko akaipokea bila kumtazama, akaifuta kwa taulo, akaitia kwenye mfuko wake taratibu.

Irmeli alimwangalia yule mzee usoni, na kalamu ikamponyoka.

Akaichukua fomu, akaichana vipande vinne. "Mwaka mwingine," alimnong'oneza Venla, macho yamemjaa machozi. "Na usimwambie mume wangu kwamba nilifika hapa."

Kisha akajibanza nyuma ya jokofu la soda, pumzi ameibana, mpaka Kauko alipopita na mfuko wake, na nyuma yake Taisto, bila kumwona shemeji yake.