Tembo wa Taulo

Honi ya meli ilipolia, Hadia alikuwa bado amechuchumaa kwenye lango la bandari, na mwanawe amejificha nyuma ya kanga ya bibi yake.

"Shani, mama yako huyo. Mwamkie," bibi alimbembeleza.

"Siyo mama. Mama yuko kwenye simu."

Kazi ya Hadia melini ilikuwa kutandika vitanda vya watalii, na juu ya kila kitanda kuacha mnyama aliyekunjwa kwa taulo. Alichomoa taulo mkobani, akaikunja upesi pale chini: miguu, masikio, mkonga. Shani akachungulia. Akasogea taratibu, akashika sikio la tembo.

"Wewe Hadia!" mwenzake alipaza sauti kutoka melini. "Ngazi inapandishwa! Ukiachwa kazi huna, nahodha hana mjomba!"

"Nenda, mwanangu," bibi alisema, akiangalia pembeni.

Honi ikalia tena, ndefu. Hadia akainuka, mkonga ungali mkononi mwake. Shani hakuachia sikio.

"Mama, huyu anakula nini?"

Katikati yao, tembo akaanza kukunjuka.