Mkono wa Kuazima

Mjukuu wa Bi Mwatumu alikwama bega wakati wa kuzaliwa, mshipa wa fahamu ukajeruhiwa, mkono wa kulia ukalegea. Sheria ilitaka ndugu mmoja amwazime mtoto nguvu za mkono wake, kwa bangili mbili, kila mmoja akivaa yake, mpaka apone. Bibi akajitolea. Miezi mitatu, kila alipokuna nazi, mtoto naye alipunga mkono kitandani.

Asubuhi moja nesi alizivua bangili. Mtoto akanyanyua mkono mwenyewe, akamshika mama yake, Nasra, pua.

“Mama, njoo uone!” Nasra akaita huku akicheka.

Bi Mwatumu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mtoto alipojishika shavu, bibi akahisi ulaini wa shavu lile kwenye vidole vyake mwenyewe. Aliuficha mkono ndani ya kanga, akaendelea kushangilia.