Usukani wa Kushoto

"Gari yako iko aina gani, mzee?" Edirisa aliuliza kwa mara ya tatu.

Anselme aliendelea kuugeuza ule usukani mkuukuu mikononi, akiutazama uso wake tu. Hakuchungulia hata tundu la katikati kuona kama utaingia kwenye gari. Kwa mtu aliyekuwa fundi wa magari kule Uvira, Kongo, miaka kumi na minane, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

"Hii honi yake imekufa," Edirisa akasema. Alikuwa muuza vipuri wa hapo Mbarara, na maneno hayakumwishia kamwe. "Na meno ya ndani yamekwisha. Itateleza barabarani. Utaua mtu, wallahi!"

"Haitaua mutu. Funga mu karatasi."

Edirisa akatikisa kichwa, akafunga.

Anselme alitoka bila kuaga. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Hakuwa na kicheko wala hasira. Nyumbani Rubondo, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mkewe Madeleine alikuwa na siku ya sita hajala. Alikunywa maji tu na kugeukia ukuta. Zahanati walimpima hiki na kile, hawakuona ugonjwa. Kila alipoletewa uji alisema neno lilelile: "Nataka kuona mutoto wangu."

Mtoto mwenyewe ni Gradi, wa pekee aliyebaki. Miaka miwili iliyopita kanisa zima lilimwimbia, likamchinjia mbuzi, naye akaaga kwamba anakwenda Kanada. Tangu siku ile mama yake alimsikia kwa simu kila Jumapili, sura hakuiona. Mara kamera imeharibika, mara mtandao mbaya. Lakini safari hii Gradi aliahidi: Jumamosi saa kumi jioni atatuma picha, ameketi ndani ya gari lake. Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi. Picha isipofika, Anselme hakujua Madeleine angefika Jumapili ya pili akiwa na hali gani.

Gari la kufungwa usukani lilikuwa uani kwa Hajati Hafswah, mjane mwenye nyumba karibu na soko. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, chini chini karibu liguse ardhi. Marehemu mumewe alilipenda kuliko chakula. Alipokufa waliuza injini, wakauza na usukani, wakaliacha ganda. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Anselme aliwafukuza kuku, akaliosha gari, akapiga rangi palipobanduka. Kisha akachukua msumeno, akakata dashibodi upande wa kushoto, akachomelea kipande cha bomba na kuukaza usukani juu yake kwa nati nne.

"Maskini mimi!" Hafswah alikuja mbio na birika mkononi. "Mzee Anselme, hapo kunakaa abiria! Uganda dereva iko huku!"

"Najua, Hajati."

"Sasa?"

"Kwetu Kongo dereva anaikala uku."

Hafswah aliguna. Gari halina injini, usukani haugeuzi hata gurudumu, na bado fundi anabishana kuhusu upande! Akaona shida za kambini zimemvuruga mzee wa watu. Akammiminia chai, akamwongezea sukari kwa huruma.

Saa kumi kasoro robo kijana mmoja aliingia getini. Jua lilikuwa kali, lakini yeye alivaa koti zito la baridi na kofia ya sufu, jasho likimtiririka mpaka shingoni.

"Jambo, Papa," akasema.

Alikuwa Gradi. Alitoka kwenye kituo cha kuoshea magari, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kanada hakuwahi kufika. Wakala aliyewapeleka yeye na wenzake aliwashusha stendi ya Mbarara, akasema anafuata tiketi, na hawakumwona tena. Baba yake alipomkuta huko na ndoo mkononi, alimsihi warudi pamoja. "Ule mbuzi balishamukula, Papa," Gradi alimjibu. "Nitarudia na uso gani?" Na Anselme, Mungu amsamehe, akakubali kunyamaza.

Kanada dereva hukaa kushoto, sawasawa na Kongo. Madeleine ni binti wa dereva wa lori. Angeona usukani kuume, uongo wote ungekwisha hapohapo.

Gradi akaingia, akashika usukani. Hafswah, ambaye sasa alikuwa ameelezwa kila kitu, aliweka birika chini, akaanua shuka jeupe kwenye kamba na kulitandaza nyuma ya dirisha ili migomba isionekane.

"Cheka," Anselme akasema.

Gradi akacheka. Baba yake akampiga picha kwa simu ya Gradi mwenyewe. Gradi akaituma kwa mama yake kwa ile namba ya Kanada aliyosajiliwa na rafiki aliyefika kweli. Wakasimama watatu, wanakodolea simu moja. Alama zikageuka bluu: Madeleine ameifungua. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano.

Kisha simu iliyolia ikawa ya Anselme. Ujumbe wa sauti. Sauti ya Madeleine ilikuwa ndogo, lakini imetulia.

"Papa Gradi, nimeona. Gari ni muzuri. Na weye nakuona mu kioo yake, na simu mukononi. Sasa muvue mutoto iyo koti, joto itamuua. Mupande gari ya saa kumi na moja, mukuye naye nyumbani. Kutoka Mbarara ni masaa mbili tu. Nimeisha weka maji ya bugali ku moto."