Mate ya Ng'ombe Mweupe

Mate ya ng'ombe mweupe yalining'inia mpaka chini. Shamimu hajauliza, mchungaji akawahi kujitetea.

"Ni chumvi tu hiyo, mama. Nimewalambisha wote."

Shamimu aliwatazama wale wengine zizini, pale Makambako. Midomo yao ilikuwa mikavu. Walikuwa mali yake yote, wakisubiri kupimwa wasafirishwe Komoro. Akionekana mmoja mgonjwa, haondoki hata mmoja.

Alimkamata pua yule mweupe, akauvuta ulimi. Ulijaa malengelenge, moja limepasuka na kuacha nyama nyekundu.

"Daktari huwa haangalii ulimi," mchungaji alinong'ona.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshafika mlangoni. "Hodi! Wazima wote, dada Shamimu?"

Shamimu hakuuachia ule ulimi.

"Njoo uangalie mwenyewe."