Simu Iliyotoka Doha

Maryanne aliandika kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umefungwa plasta, na boma zima lilishaambiwa kwamba aliteleza bafuni.

Mashua ya mumewe, Oketch, ilikutwa tupu ziwani karibu na Luanda Kotieno. Wapiga mbizi walitafuta hadi wakachoka. Wazee wakasema basi, Ijumaa watazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala ya mwili, kama walivyozikwa wengine waliomezwa na ziwa. Na kwa wazee wa boma hilo, aliyezikwa hivyo amezikwa. Hata akitokea barabarani mzima wa afya, lango halimfungukii tena, wala mke si wake.

Mama mkwe, Dorca, ndiye pekee aliyekataa kukata tamaa.

"Nyara, binti yangu, wewe si ndiyo unatengenezanga website za watu?" alimwambia Maryanne. "Uliza hiyo mashine kama simu ya mtoto yangu iko mahali. Ikionekana tu, hakuna kuzika mtu hapa."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Maryanne alikuwa amefungua ukurasa wa rambirambi mtandaoni. Akaongeza mistari michache ya msimbo ili kila simu inayoingia itaje aina yake. Laini ya Oketch ilikuwa imezimwa, lakini laini hubadilishwa. Simu yake ililetwa na mjomba wake kutoka Doha, aina ambayo hakuna duka Kisumu lililowahi kuiuza. Ikifungua ukurasa ule, itajulikana.

Watu waliingia kwa mamia. Oketch mpole, waliandika. Mtu wa watu. Hajawahi kumpandishia mtu sauti. Maryanne alizisoma zote, mkono wenye plasta ukiwa mapajani.

Kila jioni, Maryanne akishamaliza kukagua peke yake, Dorca aliburuta kiti karibu na kompyuta na kuvaa miwani, ingawa hakujua atazame wapi.

"Imeona kitu?"

"Bado, Mama."

"Hebu angalia tena. Pengine ni network inasumbua."

Maryanne aliangalia tena. Alimwonea huruma bibi yule, huruma ya kweli, maana tangu avunjike mkono ni mama mkwe tu aliyekuwa akimwogesha na kumfunga leso. Wengine walikuwa na pole za mdomoni.

Ijumaa tunda likafukiwa. Dorca alimwita mwanawe mpaka sauti ikamkauka, akajitupa juu ya udongo, wanawake wakamwinua na kwenda kumlaza.

Maryanne aliingia ndani, akafungua kompyuta. Simu ya Doha ilikuwa imeingia ukurasani wakati kaburi likifukiwa. Akaifuta kwenye orodha ya walioingia, kama alivyoifuta jana, na juzi, na jioni ile ya kwanza kabisa, kisha akatoka nje kupokea pole za watu.