Chanzo cha Kifo

Saa mbili na robo asubuhi, Sihaba alipewa kibali cha kumzika mwanawe, aliyeng'atwa na mbwa mwezi uliopita akafa akikiogopa hata kikombe cha maji. Chanzo cha kifo kiliandikwa: malaria.

“Malaria gani inaogopa maji?”

“Mama, kichaa cha mbwa hapa kimekwisha,” alisema Ngwali, karani wa zahanati. “Mwaka wa nne huu, hakuna kifo hata kimoja.”

“Na ile chanjo mliyosema hamna?”

“Haiagizwi, maana ugonjwa haupo.”

Sihaba alimpokonya kalamu, akaikata malaria, akaandika KICHAA CHA MBWA.

“Haya, piga muhuri.”

Ngwali aliunyanyua muhuri, asiushushe. Nyuma ya Sihaba, mwanamume mmoja alikunja suruali, akauweka mguu juu ya benchi. Alama nne za meno, bado mbichi.